Zulia la Majarubani

Walimwita Bi Zulia kwa sababu hakukubali mtu aingie jarubani kwake na viatu. "Vua! Unaingia sebuleni kwa watu," alikuwa akisema, na wageni walicheka, kisha wakavua. Majaruba ya chumvi, vitalu vya maji vilivyozungushiwa kingo, yalipangana kando ya ziwa, na chini ya maji yake haba palitandikwa utando mzito, unaoteleza kama ulimi wa ng'ombe. Ukiukata kwa kisu unaona tabaka: kijani juu, waridi katikati, na chini weusi unaonuka yai viza. Jua likikolea, utando unatoa mapovu. Ni bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, walioshikamana hadi wakawa ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia maji ya chumvi yasinywewe na ardhi.

Haya yote Bi Zulia alimfundisha wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Walivuna pamoja na kula sahani moja. Chanda na pete, watu walisema.

Ushirika ukapata mwenyekiti mpya aliyetaka chumvi nyeupe pee. Akapendekeza trekta likwangue "uchafu" wote. Bi Zulia na wifi yake wakakubaliana jikoni kwamba mkutanoni watapinga kwa sauti moja.

"Wewe anza, wifi," alisema yule mdogo. "Mimi nitadakia."

Bi Zulia akaanza. Aliongea hadi jasho likamtoka, kisha akageuka kumtazama mwenzake. Wifi akasimama, akanyoosha gauni lake.

"Wifi yangu amezeeka na mazoea yake," alisema. "Ule ni ute tu. Mkwangue."

Ukumbi ukapiga makofi. Kesho yake wifi akatangazwa msimamizi wa kazi, na jaruba la kwanza alilolinyooshea kidole lilikuwa la Bi Zulia.

Bi Zulia alisimama ukingoni, trekta likiikunja ile ngozi kama mkeka. Dereva akaona haya, akazima injini. "Mama, chukua chako kidogo," alisema. Bi Zulia akajaza mabeseni, akaenda kuyamwaga kwenye dimbwi la chumvi nyuma ya nyumba yake.

Chumvi ilitoka nyeupe kwa mavuno yale tu. Baadaye maji yakawa yanazama ardhini kabla hayajakauka, majaruba yakabaki tope. Mwenyekiti akamtupia msimamizi lawama zote. Ndipo wifi akaja mlangoni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba mbegu ya utando."

"Ulijua maji yatavuja?"

Wifi akainama. "Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilichoka kuitwa mtoto wa Bi Zulia. Nilitaka na mimi nionekane mtu."

Bi Zulia akashika mwimo wa mlango. Siku zote hizo alikuwa amejidanganya kwamba mtoto wa watu alighafilika, alirubuniwa. Ujinga angeusamehe.

"Utando chukua," alisema. "Majirani hawana kosa. Ila kizingiti hiki usikivuke tena."

Utando ulirudi polepole, vipande vipande, na maji yakaanza kutulia majarubani. Wanawake hao wawili wanavuna upande mmoja wa ziwa mpaka leo. Wakikutana njiani husalimiana kwa adabu sana, kama wageni.