Saidati Alipokatazwa Kulia

Mama mdogo Saidati alikuwa mke wa Kadiri, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Waislamu hapa Gisenyi. Kadiri alishona barazani, naye alikaa pembeni yake akizungushia uzi matundu ya vifungo. Hapakuwa na mwingine mjini aliyeyaweza kama yeye. Miaka ya 1950 ilipoanza, mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, akaacha sindano. Jicho la kuume lilikuwa limeshaharibika, kwa sababu bibi mmoja wa Busasamana alilimiminia maji ya majani. Alifanya kwa nia njema, wanasema, na nia njema ile mimi sijaisamehe. Likabaki la kushoto.

Daktari wa hospitali ya misheni alilimulika kwa tochi, akasema nyuma ya ule ukungu jicho bado zima, kwa hiyo tumaini lipo. Lakini kuutoa ukungu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kidonda kifunge bila kutikiswa: asikohoe, asiiname, asibebe kitu, na zaidi ya yote asilie. Anayelia hubana kope, kidonda kikafunguka, na jicho likaenda. La pili la kujaribu hakuwa nalo.

Alipopasuliwa, mimi ndiye niliyemwuguza. Alilala chali, macho yamefungwa bendeji, vifuko vya mchanga huku na huku kichwani, nikimlisha uji kwa kijiko.

Kadiri akafa. Ilikuwa homa ya kifua, ikamchukua upesi, wakamzika siku ileile. Muhamadi, mdogo wake, alikuja hospitali na udongo wa kaburini kwenye kanzu. Nilimvuta nje, nikamwomba anyamaze mpaka bendeji zitoke.

“Haiwezekani,” akasema. “Huyu ni mujane sasa. Eda imeanza leo. Atakaa eda namna gani bila kujua?”

Nilitaka kumpiga kofi. Lakini alisema kweli, na Mbonigaba, muuguzi wa zamu, aliona hivyo pia. Akatangulia kuingia, akamshika Saidati mikono yote miwili.

“Mama, shemeji yako iko na habari mubaya. Ukilia, hutaona tena. Umesikia?”

“Nimesikia.”

Muhamadi akamwambia. Kidevu cha Saidati kilitetemeka kidogo, kisha kikatulia.

“Nani alikata sanda?” akauliza.

“Mi, shemeji.”

“Bon, vizuri.”

Akaomba maji ya kunywa.

Kidonda kilifunga vizuri. Bendeji zilipotoka aliona vidole vya Mbonigaba, na miwani mizito ilipofika akatunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa. Daktari alifurahi mpaka akawaita wenzake waje kuona. Saidati aliirudisha sindano, akauliza kama anaweza kwenda nyumbani.

Nyumbani wanawake walikuja kumpa pole, wakamkodolea macho wakingoja chozi. Halikutoka. Hawajafika hata barabarani nikawasikia: “Huyu iko na roho ya jiwe. Alimupenda kweli?” Niliwafuata nikawaambia yaliyonijia mdomoni, na sitayaandika hapa. Niliumia sana kwa ajili yake, maana yeye mwenyewe hata hakukasirika.

Eda ilikuwa imeshakwisha siku Mbonigaba alipolitazama jicho mara ya mwisho.

“Imepona kabisa, mama. Sasa hata ukitaka kulia, lia.”

Tulipofika nyumbani niliwatoa watoto wote uani, nikamwingiza chumbani alimokuwa akilala na Kadiri, nikamfungia mlango. Kofia ya marehemu ilikuwa bado msumarini. Nilikaa kizingitini na leso yangu mkononi, kwa sababu na mimi nilikuwa na kilio changu, nikangoja aanze yeye.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Alikuwa amevaa miwani, macho makavu.

“Imekataa,” akasema. “Tupike nini?”