Masale Aliyoyang'oa Candida

Nyumbani kwa Vitalis palikuwa na sharti moja, na aliyeliweka ni mama yake: kitu cha uani kisiondolewe kabla ya kuulizwa anayekitumia. Mama Matilda alilitamka siku alipoletwa kutoka Kibosho kuja kukaa na mwanawe Kariakoo, amebeba ndani ya mfuko wa salfeti mche wa mgomba na vipande vya masale, mmea wa majani marefu ya kijani. Kila mtu aliitikia. Candida, mkewe Vitalis, aliitikia pia, na ndiye aliyelivunja.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya chini, imebanwa na maghorofa, hatua chache kutoka sokoni. Ua wake ulikuwa ua wa watu wanaofanya kazi. Palikuwa na mafiga, kamba ya kuanikia nguo, gogo la kukalia karibu na mlango wa uchochoroni, na pembeni yale masale ya Mama. Kwa Wachaga masale si pambo. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la masale, na aliyepelekewa hana budi kusikiliza na kusamehe. Asubuhi Mama aliketi juu ya gogo lake, akapika mtori wa ndizi, akamwona kila aingiaye. Mchana alimpokea mjukuu wake Lucky akitoka shule.

Tatizo lilikuwa jioni. Jua lilipopata upenyo kati ya maghorofa na kuupiga ua, Mama alichukua ungo wake akaenda nyumba ya pili, kwa Huda.

Huda ameolewa katika familia ya Kiarabu inayouza vitambaa mtaa huohuo tangu enzi za babu. Ua wao una ukuta mrefu, asumini iliyotambazwa kwenye waya, mawaridi ndani ya makopo yaliyopakwa chokaa, mrehani kandokando, na vibaraza vifupi vya saruji. Mama Matilda alikaa pale mpaka magharibi, akinywa kahawa ya tangawizi na kuchambua mchele pamoja na Huda na mama mkwe wake, Bi Mauza.

Candida alishinda dukani na mumewe, wakiuza vyombo vya plastiki kwa jumla. Akirudi amechoka, anakuta gogo halina mtu, na ng'ambo ya ukuta anasikia kicheko cha mama mkwe wake. Kicheko hicho kilimchoma. Nyumbani kwake Mama hakucheka hivyo. Siku moja Mama alirudi na kishada cha asumini kimechomekwa kwenye kilemba, Candida akamwuliza kama siku hizi amesilimu. Ilisemwa kama utani, na Mama aliicheka kama utani, lakini aliyesema hakuwa anatania.

Wivu ule ukatafuta pa kushika, ukashika maua. Candida alijiambia kwamba Mama anafuata bustani. Nyumba hii nayo ikipata bustani kama ile, Mama atatulia. Hakumwuliza mwenyewe. Mwenye wivu haulizi, kwa sababu jibu analo tayari.

Kwa Huda alikwenda, lakini alikwenda kupima. Alizunguka ua ule akihesabu makopo kwa macho, akauliza asumini ilinunuliwa wapi na vibaraza vilijengwa na nani. Huda hakumficha kitu. Mwisho akamwambia, "Mama Lucky, ua huu Bi Mauza aliupanga kwa tunavyoishi sisi. Jioni wanawake wa humu hatutoki, ndiyo maana ukuta ni mrefu. Lile ghorofa linatupa kivuli tangu alasiri. Na vibaraza ni vifupi kwa sababu tumezoea kukaa chini. Mama yako mwenyewe tunampa kiti cha Bi Mauza, magoti hayamruhusu. Wewe angalia kwanza watu wako wanapita wapi na wanakaa wapi, ndipo upande."

Ulikuwa ushauri wa jirani mwema. Candida aliusikia kama tusi. Usiku ule mezani alimwambia mumewe, "Amenibania. Anataka awe nayo peke yake." Vitalis hakuinua uso kwenye sahani. Alijibu kwamba ua ni wa mwanamke, afanye anavyopenda. Alijua sharti la mama yake vizuri kuliko mtu yeyote pale, akanyamaza ili ale kwa amani. Naye ana sehemu yake katika haya.

Mama Matilda aliposafiri kwenda Kibosho kwenye kipaimara cha mjukuu, basi lilikuwa halijafika hata Chalinze Candida alishampigia simu fundi wa bustani, jina lake Robert. Gogo likapasuliwa kuni. Mafiga yakatupwa, kamba ikahamishiwa koridoni, mgomba ukakatwa. Alipofika kwenye masale Robert alisita, akauliza kama ayaache kwa kuwa yamestawi. Candida akasema ang'oe, pale pataingia asumini.

Sitasema uongo: asumini, makopo ya mawaridi na vibaraza vya saruji vilipokamilika, ua ulipendeza. Wapangaji wa jirani walikuja kupiga picha. Sisemi kwamba kupenda maua ni kosa. Lakini katika ua wote ule hapakuwa na hata mahali pamoja palipopangwa kwa ajili ya mtu anayeishi mle.

Siku Mama aliporudi, Candida alifunga shughuli zake dukani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipika kahawa ya tangawizi. Aliweka mchele kwenye ungo mpya. Mama aliingia kwa mlango wa uchochoroni na mkungu wa ndizi, akasimama, akatafuta gogo kwa macho. Candida akamshika mkono akamketisha kwenye kibaraza. Magoti yalikataa, na saruji ilikuwa ya moto kwa jua la jioni. Ilibidi anyanyuliwe.

Aliuliza masale yake yako wapi. Candida alimweleza kwa furaha kwamba sasa pana asumini kama kule, asihangaike tena kwenda kwa watu.

Mama akasema, "Mimi kwa Huda nafuata mtu wa kuchambua naye mchele. Maua yake hata majina siyajui."

Hakugomba. Alikaa siku kadhaa akitafuta pa kukaa, asipaone. Jikoni kwenye gesi hakuweza kumwona anayeingia. Koridoni nguo zilimdondokea kichwani. Jumamosi watu wa jumuiya walikuja kusali, viti havikuenea kati ya makopo, wakahamia kwa mwingine. Hapo Mama akamwomba Vitalis amkatie tiketi ya kurudi Kibosho.

Vitalis ndipo alipozinduka. Alimwambia mkewe ampelekee Mama jani la masale, amwombe msamaha kama inavyofanyika nyumbani, naye hatakataa. Candida alikubali. Alitoka uani, na uani hapakuwa na jani.

Jioni ile Huda aligonga mlango. Alikuwa amesikia habari za safari, na mkononi alishika jani refu la kijani. Candida alilitazama, sura ikambadilika.

"Hata haya alikupa wewe?"

"Alinipa kipande, nikakipanda pale bombani," Huda akasema. "Ni ya kwenu, Mama Lucky. Chukua umpelekee."

Kilichotakiwa kilikuwa kunyoosha mkono tu. Mama alikuwa chumba cha pili, anakunja nguo, na mlango wake alikuwa ameuacha wazi.

"Cha kwetu sitakiomba kwako," Candida akasema, akafunga mlango.

Alfajiri, begi likiwa limeshatolewa nje, Mama aliuliza kama kuna mwenye neno la kumwambia. Candida alimwuliza kama amebeba maji ya kunywa njiani. Mama akasema amebeba. Wakaagana.

Hajarudi tena Kariakoo. Lucky akitoka shule hujifungulia mlango, na bibi yake humsikia kwenye simu siku za Jumapili. Asumini imestawi sana. Candida huimwagilia jioni, na kicheko cha Huda na Bi Mauza kinavuka ukuta kama zamani. Bustani ile, aliyoitengeneza ili mama mkwe abaki naye, ndiyo iliyompotezea mama mkwe huyohuyo.