Siku Niliyomjibia Marehemu Siraji

Bora mnisikie mimi kabla hamjasikia kwa watu wa Mbale, maana wale wanaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki: ndiyo, ni mimi Hajara niliyemfanya kaka yangu marehemu awatukane watu kumi na saba kwa siku moja, na hapana, sikuwa nimerukwa na akili, nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu mnaijua.

Kaka yangu Siraji alikuwa na video zake mtandaoni, zile za kutangaza mambo ya nyumbani kama mpira. Mama anakaanga vitunguu, yeye yuko nyuma na simu: "Mama anachukua mwiko, anampita kitunguu wa kwanza, anampita wa pili, oooh, chumvi imegonga mwamba!" Alipoumwa, miguu imevimba hata kiatu hakiingii, akanipa simu yake na namba ya siri (mimi ni fundi wa simu hapa Jinja, sikusomea popote, nilijifunza kwa kuharibu), akasema, "Hajara, usiache akaunti yangu ifungwe. Mama atataka kunisikia." Na kweli, tangu tumzike kule Mbale, kila asubuhi baada ya swala Mama anakaa na Senga Zaituni, dada yake baba, Senga anamfungulia video moja, Mama anacheka, analia kidogo, ndiyo anaenda kuwasha moto wa chai.

Sasa ikafika siku ya kuzaliwa ya Siraji. Mi niko kwenye meza yangu nabadilisha kioo cha mteja, simu ya marehemu inaanza, ti, ti, ti. "Heri ya kuzaliwa, uishi miaka mingi!" "Heri kaka, mwaka huu lazima tuone harusi!" Harusi! Mtu ana miezi minne kaburini! Nikavumilia (mimi kuvumilia, mjue ilikuwa kazi) mpaka nikaona jina la Twaha, muuza samaki wa Masese, rafiki yake wa utotoni, aliyebeba jeneza kwa bega lake mwenyewe: "Heri ndugu yangu, Mungu akuzidishie umri."

Wallahi nikaona giza. Ningeweza kujibu kwa akaunti yangu, lakini ya Siraji ilikuwa wazi mbele yangu, nikaona kutoka huku kuingia kule ni kupoteza muda. Nikaandika: "Umri gani, Twaha? Si ulinibeba mwenyewe? Na zile nyama ulizoficha kwenye mfuko wa kavera siku ya matanga yangu, nilikuona." (Aliyemwona ni mimi.)

Utamu nilioupata, jamani! Nikaendelea. Wa harusi nikamjibu, "Huku hakuna ukumbi." Mwingine nikamwambia, "Nimelazwa wiki tatu hukuja hata na chungwa, leo unaniletea picha ya keki?" Watu kumi na saba, kila mmoja na dawa yake.

Haikupita saa moja Twaha akanipigia, sauti inatetemeka. "Hajara, Siraji ameniandikia. Ya nyama, Hajara! Hakuna mtu aliniona!"

Hapo ndipo ningesema ni mimi. Lakini bado nilikuwa nimemkasirikia, nikamwambia, "Basi nenda Mbale ukaombe msamaha," nikakata, nikacheka mpaka bisibisi ikanianguka.

Kesho yake Senga anapiga. "We mtoto, njoo Mbale sasa hivi. Kaka yako anaongea. Shehe ameshafika. Njoo na simu yake."

Nafika naona mikeka imejaa ua mzima, watu wametoka Jinja kote, Walukuba, Masese, wapi, kila aliyejibiwa amekuja kuomba radhi, wa chungwa amekuja na gunia la machungwa, na Twaha, bambi, maskini wa Mungu, amekaa mbele kabisa amekumbatia paja zima la mbuzi. Nikasema moyoni, Hajara, umekwisha. Lakini kilichonimaliza ni Mama. Nilidhani nitamkuta analia. Nikamkuta amevaa leso mpya, uso unang'aa, akanivuta mkono akaninong'oneza, "We ndiye fundi. Muulize kama miguu bado inamuuma."

Shehe akasema, "Haya binti, fungua." Nikafungua mdomo badala ya simu. "Ni mimi. Niliandika mimi. Siraji hajasema kitu."

Twaha akasimama na paja lake. "Hajara! Mbuzi nimechinja!"

"Na wewe unamtakiaje maiti umri mrefu?"

"Simu ndiyo ilinikumbusha! Nawaandikia watu wote hivyo hivyo!"

"Nyamazeni!" Senga akafoka. Mama alikuwa ameketi chini. Leso ikamshuka begani, hakuipandisha. Akasema taratibu, "Basi niwekee sauti yake tu."

Nikafungua akaunti. Imefungwa. Watu walikuwa wameiripoti kwamba ina jini au mwizi, sasa inataka sura ya mwenyewe: angalia kamera, geuza kichwa kulia. Nikaweka sura yangu, ikakataa. Senga akasema, "Weka ya baba mdogo, wamefanana pua," ikakataa. Shehe mwenyewe akateremsha picha ya Siraji ukutani, akaishika mbele ya kamera, na simu iliposema geuza kulia, shehe akaigeuza fremu kulia, pole pole, kwa heshima. Ikakataa. Ikafungwa moja kwa moja, na video zake zote ndani.

Na mimi fundi! Mimi ninayewahifadhia wateja mpaka picha za mbwa wao, za kaka yangu nilikuwa nasema nitazihifadhi kesho.

Twaha alikuwa na video moja kwenye simu yake, sekunde arobaini. Alinisubirisha mpaka nikamwomba radhi mbele ya wote, tena mara mbili (ya kwanza alisema sauti haikufika nyuma). Mama akaisikiliza akiwa ameweka simu sikioni, kama anapigiwa.

Sasa hivi nazunguka kwa wale kumi na saba, mmoja mmoja, kuuliza nani alihifadhi nini, na kila mmoja lazima kwanza anisomee yale niliyomwandikia, neno kwa neno, mi nimesimama mlangoni nasema ndiyo, ndiyo, ni mimi. Nimepata tano. Nimeapa, hasira yangu kuanzia leo itatoka kwa jina langu, na sauti ya mtu wangu sitaiachia kesho. Mama nikimpigia hanisalimu siku hizi, anauliza tu, "Umepata nyingine?"