Likigoma Tutalisukuma

Gari lilikuwa limeshanionya wiki mbili nzima. Asubuhi nikiwasha, starta inazunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Honi ikawa inatoka na mafua. Saa ya dashibodi ikawa inarudi sifuri kila siku. Juu ya betri, pale waya unapofungwa, ukaota unga mweupe. Niliumwagia maji ya moto, nikajiona fundi.

Mke wangu aliuliza, "Baba watoto, hiyo betri si inakufa?"

"Likigoma tutalisukuma," nikamjibu.

Nimekulia Buguruni, na pikapu ya marehemu baba sikumbuki kuiona ikiwaka kwa ufunguo. Ilisukumwa. Baba akifungua tu mlango na kuweka bega, watu wanaacha chai zao na kuja bila kuitwa. Ikishawaka wanapangusa mikono, wanarudi kwenye vikombe. Betri mimi sikuwahi kuiogopa.

Asubuhi moja, huku mtaa wa Gerezani tunakoishi, pumu ilimbana binti yetu wa miaka sita. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Nikiminya kopo linatoa upepo mtupu. Kila akivuta pumzi, ngozi ya shingo inabonyea ndani, na midomo ilianza kuwa ya kijivu. Tulishuka ngazi mbio. Mke wangu akaingia naye siti ya nyuma, nami nikazungusha ufunguo.

Tik. Tik-tik-tik. Taa za dashibodi zikafifia, zikazimika.

Nikazungusha tena, na tena. Nyuma yangu nilisikia kifua cha mwanangu kikipiga filimbi nyembamba, nikaruka nje nikipiga kelele, "Jamani, nisukumeni!"

Walikuja, kama wanavyokuja siku zote. Wauza spea, mafundi wenye mikono ya grisi, wapita njia. Moja, mbili, twende! Gari likasogea, nikatia gia, likaendelea kuteleza kimya. Tukarudia. Tulikuwa tumefika kona ya pili, jasho linaniingia machoni, ndipo fundi mmoja akachungulia dirishani.

"Bro, hii si otomatiki? Hata tuisukume mpaka Mnazi Mmoja, haiwaki hii."

Nilikuwa nalo mwaka mzima gari lile. Nilijua halina klachi. Lakini kichwani mwangu nilikuwa bado nasukuma pikapu ya baba, na mwanangu anaishiwa pumzi nyuma yangu. Nikashika ufunguo tena.

"Achana na gari!" mke wangu alipiga kelele. Bajaji ilikuwa imesimama kando, dereva wake ni mmoja wa waliokuwa wanatusukuma. Mke wangu akashuka na mtoto kifuani, wakaondoka. Mimi nikabaki na ufunguo mkononi na wanaume kumi wakipangusa mikono.

Niliwakuta hospitali, mtoto amevalishwa barakoa ya dawa, midomo imerudi rangi yake. Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu, tungempoteza. Nilitoka nje nikalia.

Betri nilinunua mpya siku ileile, na gari sasa linawaka mara moja. Lakini asubuhi za shule binti yangu hapandi. Anasimama kando ya barabara na begi lake mgongoni, ananitazama, mpaka asikie injini inanguruma.