Winchi ya Mereana na Farasi wa Kinamasini

Mereana Karaka hakuwa na subira ya kufungua mzigo taratibu. Boksi la winchi, mashine ya kuvutia mizigo kwa kamba, lilipofika asubuhi ile ya Agosti, alilibeba hadi kwenye banda la kunyolea kondoo, akalibwaga juu ya meza ya kutandazia sufu, akalipasua kwa kisu cha kuchinjia. Akaanza kutoa vyuma kimoja kimoja huku akicheka peke yake. Mota nzito kama mwanakondoo aliyezaliwa leo. Kamba ya nailoni ya buluu iliyozungushwa kwenye gurudumu lake. Kulabu yenye ulimi wa kujifunga. Na chini kabisa, limefungwa karatasi, kapi la chuma, kigurudumu cha kupitishia kamba, lile aliloagiza pembeni kwa sababu aliona mtu wa misitu akilitumia na hakulisahau.

Alikuwa amevuka hamsini. Ujana wake wote aliumaliza kwenye vikundi vya wanyoaji, banda hadi banda, akiokota sufu sakafuni na kuirusha mezani kabla mnyoaji hajamkamata kondoo mwingine. Baadaye wakamkabidhi kazi ya kunoa meno ya mashine za kunyolea, na hapo ndipo mikono yake ilipoonja raha ya chuma. Goti lilipoanza kumsumbua, yeye na mumewe Eruera walichukua shamba la shangazi yake huku juu bondeni Mangatea. Eruera aliendesha lori la magogo, anaondoka Jumatatu anarudi Ijumaa, kwa hiyo vilima, kondoo na nyua za waya vilikuwa vya Mereana. Miguu yake ilikuwa pikipiki ya matairi manne, nyekundu, iliyopauka kwa jua. Lakini tangu mafuriko ya mwaka jana, miti ilikuwa imelala juu ya ua na mashimo ya tope yalikuwa kila mahali, na mara mbili alirudi nyumbani kwa miguu, buti moja mguuni, jingine limebaki huko huko pamoja na pikipiki.

Hepa, mdogo wake Eruera, aliingia bandani akiwa na mikate ya kukaanga ndani ya kitambaa. Aliishi ng'ambo ya mto na farasi wake sita. Alikuwa mtu wa farasi tu; mashine yoyote aliitazama kama mgeni asiyealikwa.

"Shemeji, naona sasa unataka kuvua papa," alisema.

"Nataka kukuvua wewe siku utakayotumbukia."

"Mimi napanda farasi. Farasi hahitaji betri."

"Farasi wako anakula kuliko ng'ombe wangu watatu, na bado anakutupa chini. Weka mkate hapo, ushike hii sahani ya chuma. Inyanyue kidogo. Sio hivyo, Hepa, inyanyue kama mtu aliyekula."

Walifunga ile sahani kwenye fremu ya mbele, chini ya taa, boliti nne, kila moja ikikazwa kidogo kwanza halafu zote kwa pamoja. Mota ikakaa juu yake. Mbele ya mota akaweka mdomo laini wa kupitishia kamba, ili isisagwe na ukingo. Kazi ya waya ilimchukua muda mrefu zaidi, maana hakutaka waya wowote upite karibu na bomba la moshi. Alizipitisha chini ya kiti, akazifunga kila baada ya kiganja kimoja, mwekundu ukaenda kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi, na swichi akaiweka kwenye usukani pale ambapo kidole gumba kinafika bila kutafuta.

Akawasha injini, akabonyeza kuvuta ndani. Kamba ikatoka nje.

Hepa alicheka mpaka akakaa kwenye marobota ya sufu. "Shemeji, hiyo inakimbia mzigo."

Mereana aliinama. Mikono ilikuwa tayari kwenye kisanduku cha umeme kilichounganisha mota na betri. Alibadilisha nafasi za waya mbili za mota, akabonyeza tena. Kamba ikarudi ndani ikinguruma. Alihisi mngurumo ule ukipanda mikononi hadi kifuani, na bila kujijua akapiga teke boksi tupu likavuka banda zima.

"Haya, njoo nje," alisema. "Lazima tuizungushe kamba upya ikiwa imekazwa. Ikikunjwa legelege, siku ya mzigo itajizika katikati ya mizunguko yake, na hapo utalia."

Wakaifunga kulabu kwenye nguzo ya geti, Hepa akakaa juu ya pikipiki akibana breki nusunusu, na Mereana, akitembea kando na kidole kwenye swichi, akaivuta pikipiki na mtu wake polepole kuelekea getini, akiangalia kamba inavyolala, mzunguko kando ya mzunguko, kama sufu iliyokunjwa na mtu anayejua. Jioni hiyo alimpigia simu Eruera na kuongea habari za winchi mpaka mume akasema, "Mpenzi, nina usingizi, na kesho nina magogo."

Simu ya Hepa ilikuja wiki iliyofuata, asubuhi, wakati Mereana anapeleka nyasi kwa kondoo wenye mimba. Safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Shemeji. Huia yuko kinamasini. Ameingia mpaka tumbo. Njoo na kile kitu chako."

Huia alikuwa farasi jike wake wa kahawia, aliyebakiza wiki chache kuzaa. Mereana alitupa nyasi zilizobaki zote mahali pamoja, akachukua glavu, minyororo, kapi na mikanda miwili mipana ya kufungia mizigo ya lori la Eruera, akavuka mto kwa kasi ambayo Eruera asingeipenda. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na lazima isemwe kweli, si kwa hofu peke yake.

Huia alikuwa amezama kwenye tope jeusi lililoachwa na mafuriko chini ya mteremko, hatua kama kumi kutoka ardhi ngumu. Kichwa, shingo na mgongo tu ndivyo vilivyoonekana. Hepa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mlango wa zamani wa zizi alioutupa juu ya tope, akiwa amekumbatia kichwa cha farasi kisije kikazama, akimwongelesha kwa sauti ya chini. Ukingoni alisimama Jocelyn Crozier, jirani wa upande wa juu, mwanamke mrefu aliyeendesha gari la posta miaka mingi na ambaye sauti yake ilizoea kusikika juu ya mbwa wanaobweka.

"Nilitaka kuleta trekta," Jocelyn alisema, "lakini hapa litazama kabla ya farasi. Daktari wa mifugo yuko upande wa pili wa maporomoko ya udongo, barabara haijafunguliwa. Tuko sisi tu, jirani."

"Basi tuko wa kutosha. Hepa, nakurushia mkanda. Upitishe kifuani, katikati ya miguu ya mbele, urudi nyuma ya mabega. Usiupeleke tumboni hata kidogo."

"Najua tumbo liko wapi, shemeji."

Alijua. Mkono wake ulizama ndani ya tope mpaka begani, shavu lake likawa juu ya shavu la farasi, na akautoa mkanda upande wa pili akihema. Mereana akamrushia kulabu aifunge mkandani, akarudi kwenye pikipiki, akabonyeza.

Kamba ikakaza, ikalia kama waya wa ua wakati wa upepo. Farasi hakusogea. Kilichosogea ni pikipiki. Matairi yake yalilala kwenye nyasi zenye maji na yakaanza kuteleza kwenda chini, taratibu kwanza, halafu si taratibu.

"Achia," Jocelyn alinguruma. "Unakuja huku, Mereana, achia."

Aliachia. Tairi za mbele zilikuwa tayari zimegusa tope. Alikaa pale akajitukana kimoyomoyo. Alikuwa amefunga winchi kwa mikono yake, amesoma kila kitu, na kwa pupa amesahau jambo la kwanza: farasi mwenye mimba ni mzito kuliko pikipiki, na ukivuta kisichotaka kuja, wewe ndiye utakayekwenda.

"Tayari umevua papa," Hepa alisema kutoka kwenye mlango wake, meno yakigongana kwa baridi. "Sasa mvute."

Lilikuwa neno zuri kuliko pole yoyote. Mereana alirudisha pikipiki juu, akaifunga nyuma kwa mnyororo kwenye shina la mti mnene uliopandwa zamani kushikilia mteremko. Kisha akalitoa kapi. Alimrushia Hepa, naye akalifunga kwenye mkanda wa farasi, akapitisha kamba ndani yake na kumrudishia ncha; Mereana akaipeleka hadi kwenye mti wa pili na kuifunga hapo kwa mkanda mwingine, ili isiutafune mti. Sasa kamba ilikwenda kwa farasi na kurudi. Ingevuta polepole mara mbili, lakini kwa nguvu mara mbili. Koti lake la mvua akalilowesha na kulitundika juu ya kamba, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka usoni mwa mtu.

"Na tope?" aliuliza Jocelyn. "Linamnyonya. Mtamng'oa mabega."

Mereana alimtazama. "Ile pampu yako ya kunyunyizia dawa ya magugu bado inafanya kazi?"

Jocelyn alikuwa ameshaanza kukimbia. Alirudi na tangi lililooshwa likiruka ruka nyuma ya gari lake, akamrushia Hepa mpira wa maji. Hepa akausukuma ndani kabisa kando ya mguu mmoja wa farasi, maji yakaingia chini, na tope likaanza kutoa mapovu na kulegea.

"Vuta," alisema Hepa.

Alivuta kidogo, akapumzisha mota. Akavuta tena. Injini aliiacha ikinguruma ili betri isife. Mota ilikuwa ya moto, ikinuka, na kila aliposimama Hepa alihamisha mpira kwenye mguu mwingine. Kiganja kimoja. Kiganja kingine. Mereana alianza kuongea bila kujua anaongea na nani, njoo mama, njoo, njoo kidogo tena, na Jocelyn kando yake alikuwa anasema vile vile.

Kisha tope likaachia kwa sauti ya buti kubwa linalochomolewa, na Huia akaja, kifua kwanza, halafu mgongo wote, akateleza juu ya nyasi kama gogo lililooshwa, Hepa akiwa ameng'ang'ania manyoya ya shingo na kuburutwa pamoja naye.

Jocelyn alipiga kelele za furaha. Mereana hakupiga, maana farasi alikuwa amelala na hasimami. Walimfungua mkanda, wakamsugua kwa magunia matupu ya sufu, watatu kwa pamoja, mgongo, miguu, masikio yaliyokuwa baridi kama mawe ya mtoni. Hepa alisugua tu, huku machozi yakichora njia kwenye tope la uso wake, na hakuyafuta.

Huia alinyanyua kichwa. Akatupa miguu ya mbele, akaanguka, akatupa tena, akasimama akitetemeka mwili mzima. Mereana aliweka kiganja ubavuni mwake, chini, na akasubiri. Kitu kikamgonga kutoka ndani, kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango akiwa na haraka.

"Hepa, lete mkono."

Hepa alileta mkono. Kikamgonga na yeye. Akamtazama shemeji yake, akauacha mkono pale pale.

Mchana wakala nyama ya kondoo na viazi vitamu jikoni kwa Jocelyn, wakiwa wamevaa nguo zake kwa sababu zao zilikuwa nje zinachuruzika. Suruali ilimfika Hepa kifuani. Walisimuliana jambo lile lile tangu mwanzo, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na kila mara tope lilizidi kuwa na kina. Mereana alisema wazi kwamba nusura atumbukie, na kwamba hataisahau tena nanga ya nyuma, ule mnyororo wa mtini. Jocelyn akasema yeye angesahau hata kubonyeza.

Huia alizaa Oktoba, asubuhi ya mvua nyepesi, dume mwenye miguu mirefu isiyojua ielekee wapi. Hepa alimwita Mereana, na walikaa juu ya ua wakimtazama akianguka na kuinuka, akianguka na kuinuka.

"Shemeji," Hepa alisema baadaye kidogo, macho yake bado kwa mtoto wa farasi. "Hicho kitu. Kinaweza kuvuta mti ulioangukia zizi langu la nyuma?"

"Mnene kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mikono. Mereana alikuwa ameshashuka kutoka kwenye ua na anatafuta glavu zake.