Bendera ya Nyuso Mbili

Jua likikaribia kuzama nyuma ya milima, watu wa kijiji kile karibu na Usevya bado husimama. Hakuna anayewaamuru. Mwanamke mwenye ndoo kichwani hukatiza hatua, mwenye baiskeli huweka mguu chini, hata ng'ombe wa mfugaji Masalu husita. Wote wanasubiri filimbi ambayo haipulizwi tena hapo. Kisha mmoja hucheka, na wengine huendelea na safari wakiona haya, kama waumini waliopiga magoti kabla padri hajaingia.

Filimbi hiyo ilikuwa ya Fabiani.

Fabiani alizaliwa chini ya bendera ya Mjerumani, ingawa yeye hakuikumbuka; aliyeikumbuka ni mama yake, Bibi Nyanzala, ambaye alisema bendera zote alizoziona zilianza kwa kuomba heshima na kumaliza kwa kuomba kuku. Ujana wake Fabiani aliumalizia Mpanda, akifagia boma na kupandisha bendera ya Mwingereza, ile yenye misalaba iliyorundikwa kama kuni. Mwaka wa sitini na moja akapandisha ya Tanganyika: kijani, weusi katikati, na michirizi ya dhahabu. Hajaizoea vizuri, mwaka wa sitini na nne Wazanzibari wakaleta bluu yao kwenye Muungano, rangi zikapangwa mshazari, na Fabiani akaanza upya kujifunza upande upi ni juu.

Watu walipohamishiwa vijijini mwaka wa sabini na nne, halmashauri ya kijiji kipya ikamkabidhi mlingoti na filimbi kwa sababu ya uzoefu wake. Utaratibu ulijulikana: bendera ikipanda asubuhi na ikishuka jioni, kila aliye karibu anasimama wima mpaka filimbi ya pili.

Ni vigumu kueleza kitu hicho kilimfanyia nini Fabiani. Hakuwa na ng'ombe. Mpunga wake viboko waliujua kuliko yeye. Nyumbani, mkewe Marsela ndiye aliyeamua kuku gani achinjwe na mgeni gani apikiwe. Lakini mara mbili kwa siku, kwa dakika tatu, kijiji kizima kilishika pumzi kwa pumzi yake. Siku akiwa amenuniwa nyumbani, dakika tatu zilikuwa sita.

"Baba Natalia, mboga zinaungua!" Marsela alipiga kelele siku moja kutoka mlangoni, mwiko mkononi, bila kusogeza mguu.

Fabiani alishusha bendera polepole zaidi.

Stanslaus, katibu wa kijiji, ndiye aliyetaka kumnyang'anya. Alisema kazi hiyo ni ya shule, kwamba mwalimu angeifanya kwa dakika moja na watu wakarudi kwenye uzalishaji. Alingoja kosa tu. Nalo kosa lilikuja kwa mlango wa bidii.

Bendera ilichakaa. Kijani kilipauka, manjano yakapauka, na msafiri mmoja wa kutoka Sumbawanga akauliza kwa adabu kama hapo bado ni Tanzania. Barua tatu zikaenda Mpanda, hakuna jibu. Kisha ikaja habari kwamba mgeni rasmi wa wilaya angefika Saba Saba ya mwaka wa sabini na sita.

"Ndugu Fabiani," alisema Stanslaus, "siku hiyo bendera isipopepea vizuri, filimbi utaileta ofisini kwangu."

Fabiani akaenda kwa Eufrazia, fundi cherehani. Weusi waliupata kwenye kaniki. Kijani kilitoka kwenye mashati ya vijana wa chama. Bluu hawakuipata, wakachovya kitambaa cheupe cha marekani kwenye bluu ya kufulia. Na manjano, baada ya kufikiri sana, wakayapata kwa bizari. Waliposhona, chumba kizima kilinuka pilau ya harusi.

Eufrazia alifuata picha iliyobandikwa darasani. "Kijani ni mazao yetu," alisema akikanyaga cherehani, "weusi ni sisi wenyewe, manjano ni madini."

"Madini gani?"

"Kama yale ya Mpanda, yaliyokwisha kabla hayajatufikia."

"Na bluu?"

"Maji. Bahari na maziwa."

Fabiani akalifikiria Ziwa Rukwa, lenye rangi ya chai ya maziwa. Nchi ikisema maji ni bluu, nani yeye wa kubisha?

Bendera ikajaribiwa. Kutoka ofisini ilifanana na picha kabisa. Lakini Isidori, aliyekaa ng'ambo ya barabara, akaja mbio.

"Nyie! Kwetu kijani kiko mkono wa kulia! Kwenye picha kiko kushoto!"

"Unaiona kwa nyuma, Isidori."

"Kwa nini sisi wa ng'ambo tupewe nyuma? Tulihamishwa sawa, tulichangia sawa. Huu ndio ujamaa?"

Watu wa ng'ambo wakakusanyika, na ukweli ni kwamba hoja yao ilisikika kuwa nzuri. Fabiani, aliyeshika bendera maisha yake yote, hakuwahi kuulizwa habari za mgongo wa bendera. Aliogopa kwamba watu wa ng'ambo wangeshitaki kwa mgeni rasmi. Akarudi kwa Eufrazia, wakashona bendera ya pili, wakaibandika mgongoni mwa ya kwanza, ili pande zote mbili kijani kikae kushoto.

Walipoinyoosha juani, miale ikapenya, na michirizi miwili ya weusi ikakatana katikati kama alama ya mwalimu kwenye hesabu iliyokosewa.

"Tuweke kitu katikati," alisema Eufrazia.

Wakaweka gunia.

Saba Saba ilifika. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye miwani, alisimama mbele na kofia mkononi. Fabiani akapuliza filimbi ya kwanza. Watu wote wakawa miti. Akaivuta kamba, filimbi ikiwa bado kati ya meno, na bendera ikaondoka ardhini kama ng'ombe anayeamshwa asubuhi ya baridi.

Ilifika katikati ya mlingoti, ikakwama.

Akavuta. Mlingoti ukainama. Hapakuwa na upepo wa kusaidia, na hata kama ungekuwapo, ingebidi utoke kwa Mungu mwenyewe ndipo upeperushe gunia lile. Watu walisimama. Siafu walipita kwenye mstari wa kwaya, na kwaya, kwa uzalendo, haikusogea. Machozi tu yaliwatoka. Mgeni rasmi alitazama mbele.

"Puliza, Baba Natalia!" Marsela alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi kijiji cha Majimoto.

Hakupuliza. Kupuliza bendera ikiwa katikati, kwake yeye, kulikuwa sawa na kusema amina katikati ya injili. Aliruka, akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Bendera ikatikisika, na wingu la bizari kavu likamshukia usoni.

Akapiga chafya.

Filimbi ikalia mlio mrefu ajabu. Watu wakalegea, kwaya ikajikuna kwa pamoja. Mgeni rasmi akainua macho, akaona bendera nusu mlingoti, uso wake ukabadilika.

"Poleni sana," alisema. "Hamkuniambia. Nani amefariki?"

Stanslaus, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mkubwa, akajibu, "Ahsante, ndugu mgeni. Ni... ni mama yake huyu Fabiani."

"Mimi?" akauliza Bibi Nyanzala kutoka safu ya pili.

Wanawake wa nyuma, ambao hawakusikia yote, walikuwa wameshaanza kulia kilio. Stanslaus alimkazia Fabiani macho. Alichomtaka kilieleweka: ainamishe kichwa, apokee rambirambi, na mambo yapite. Na filimbi ingebaki kwake. Katibu aliyeokolewa hasahau.

Fabiani alimtazama mama yake, aliyekuwa akijipapasa mashavu kana kwamba anahakikisha.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Bendera ni nzito, ndugu mgeni. Nimeitia gunia."

Akaishusha, akaeleza yote: wa ofisini, wa ng'ambo, kushoto na kulia. Mgeni akaigusa bendera, vidole vikawa vya manjano, akavinusa. Alichukua muda mrefu kuvaa kofia.

"Mzee wangu, bendera haina mgongo," alisema mwisho. "Anayeitazama kutoka ng'ambo anaiona hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeko ng'ambo."

"Sasa hapo umetutukana," alisema Isidori.

Wiki iliyofuata lori lilileta bendera ya kweli, nyepesi kama leso, pamoja na barua: kazi ya kuipandisha iwe ya mwalimu mkuu, shuleni, upande wa pili wa bonde, ambako filimbi ikipulizwa haisikiki kijijini. Fabiani aliipeleka filimbi yake ofisini mwenyewe. Stanslaus aliipokea bila kumtazama, akaitia kwenye droo. Jioni hiyo, saa kumi na mbili, Marsela alikuwa akikoroga mboga, akasimama wima, mwiko hewani, na Fabiani akamwambia, "Endelea tu, Mama Natalia. Zitaungua."

Siku hizi Fabiani, akikaribia miaka sabini, anaishi Majimoto kwa binti yake Natalia, nyumba ya tatu kutoka sokoni, na analima nusu eka ya mpunga.