Mtaro wa Anyait

Anyait, binti wa Eriaku, alisomea kupanga miradi, na kupanga alijua. Ofisi yake ya Busia ilimpa mradi wa kwanza huku Angurai: kuleta maji kutoka tangi la kilimani mpaka zahanati, pale akina mama wanajifungua kwa maji ya ndoo. Kuchimba mtaro ilikuwa kazi ya wanakijiji. Mabomba yangefika Jumatatu, na mabomba hayangojei mtu.

Kwa mkutano watu sitini walisema ndiyo. Jumamosi asubuhi wakaja watatu, na mmoja alikuwa anatafuta ng'ombe wake.

Anyait alikaa juu ya kreti za soda, karibu alie kwa hasira. Mama Benedetta, jirani wa zahanati, akaja akasimama mbele yake.

"Umeita watu wachimbe. Umepika nini?"

"Kuna soda, mama. Na mkate."

"Soda! Kwani ni karamu ya watoto? Hapa jembe linafuata ajon. Mtungi uko wapi?"

"Mama, mimi nimeokoka. Siwezi kupika pombe."

"Nani amekuambia unywe? Wewe lete wimbi, nitapika mimi. Siku kumi."

Siku kumi! Anyait alitembea mpaka barabarani akitunga uongo: mvua, ugonjwa, chifu. Kisha akampigia Wandera, mkubwa wake, na ule uongo akaumeza.

"Boss, watu hawakuja. Kosa ni langu. Sikuuliza huku watu wanaitwaje kazini. Nipe mpaka Alhamisi ya wiki ile ingine."

"Alhamisi. Ikipita, mabomba yanaenda Butula, na wewe unarudi hapa kupanga mafaili."

Siku ya kumi mitungi miwili ilikaa kando ya njia, na majembe yakaja bila kupigiwa kelele. Walichimba Jumanne, wakachimba Jumatano, na jioni wakazunguka mtungi na mirija yao mirefu. Anyait alikunywa soda yake hapo hapo katikati yao.

Alhamisi, lori la mabomba likipanda kilima, alipima mtaro. Ulikuwa umefika zahanati, tena ukapita hatua ishirini, mpaka mlangoni kwa Benedetta.

"Mama, hii haiko kwa mpango."

"Ajon nilipika mimi."

"Asante kwa ajon. Maji ni ya zahanati. Hizo hatua ishirini utafukia."

Benedetta alimtazama, akamtazama tena.

"Na si huyu ndiye juzi alikuwa karibu kulia juu ya kreti," akasema, akaenda kuchukua jembe.